Wageni wa Langoni

Jirani yangu wa Shika Adabu, yule mkufunzi mstaafu wa makuruta ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, amefariki. Habari ililetwa na mkewe mwenyewe. Alisimama mlangoni pangu wakati naanua nguo, bado kavaa kilemba chake cha kutokea, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mzee ametutoka, kwenye benchi la zahanati, kabla zamu yake haijafika. Nilimwomba aingie akae. Akakataa, akasema ana watu wengi wa kuwaarifu. Wanaonisoma kila wiki walimjua bila kujua kuwa wanamjua, maana ndiye yule jirani niliyewahi kumlalamikia hapa kwa ajili ya filimbi yake ya alfajiri, na ndiye niliyesema kuwa hufagia uwanja mpaka mchanga unaomba radhi. Aliyasoma yote mawili, akanirudishia gazeti juu ya ukuta na kuniambia kuwa kwenye filimbi nimemwonea lakini kwenye mchanga nimesema kweli. Leo namwandika tena na gazeti halitarudishwa, na sina hakika hata kidogo kwamba nitakayosema yatamfaa mtu.

Alikuwa mtu wa bara. Alipostaafu alikuja pwani kwa sababu ya kifua, akinuia kukaa mpaka apate nafuu, akanunua kiwanja, akajenga, akabaki. Watu wa Likoni hatumwachi mtu hivi hivi, kwa hiyo haukupita muda tukawa tunasema kuwa kuku wake hutoka bandani wawili wawili na kwamba mkewe huomba ruhusa ya kupiga chafya. Viatu vya wageni mlangoni pake alivipanga mwenyewe, ncha zikitazama njia, ili mtu akitoka asihangaike. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, chote amri, na sisi huku mtu hawezi kuomba chumvi kabla ya kuuliza za tangu jana, watoto hawajambo, na mguu wa bibi unaendeleaje. Mwanzoni maamkizi yetu yalimchosha. Baadaye akajifunza kuyasimamia, mikono ubavuni, mpaka yaishe. Mimi aliniita Mwandishi. Tulizungumza juu ya ukuta, yeye upande wake na mimi wangu, na mara nyingi tuliachana kila mmoja akiwa amekasirika kidogo, jambo lililotupendeza sote wawili.

Vita hakuvizungumza hata siku moja. Alichokipenda ni hadithi za mafunzo, na akizianza baada ya alasiri pale kwenye kibaraza cha duka la jirani yetu, hata waliokuwa wameshaaga walikaa tena. Alitusimulia jinsi kuruta mpya alivyotumwa stoo akaombe kamba ya kufungia upepo, na mwenye stoo, bila kucheka, akamwelekeza jikoni, na jikoni wakamwelekeza karakana, mpaka siku ikaisha kijana bado anazunguka kambi akiulizia kamba. Alitusimulia habari za kitanda kilichotandikwa kikanyooka mpaka hakuna la kusema, naye Afande akakipindua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuna la kusema. Tulicheka sana. Na alitusimulia kisa cha mabuti, ambacho makuruta wa kila mwaka walisimuliwa katika juma lao la kwanza. Kulikuwa na kuruta, ilisemwa, aliyesingizia ugonjwa akarudishwa kwao kwa basi. Njiani akajuta, akashuka, akatembea kurudi kambini, lakini alipofika lango lilikuwa limefungwa na hakuna aliyemfungulia. Basi tangu hapo huzunguka nje ya uzio akitafuta pa kuingilia, na kabla jua halijachomoza mabuti yake husikika. Na kweli makuruta waliyasikia. Afande aliyasikia alipokuwa kuruta, na alipokuwa mkufunzi akaonyeshwa siri yenyewe: wakufunzi walipokezana zamu ya kwenda kukanyaga nje ya uzio. Yeye naye alizishika zamu zake. Nikamuuliza kama hofu ilimtoka baada ya kujua.

"Nilijua ni sisi," akasema. "Na bado nikiwa kitandani nikiyasikia, nilivuta blanketi."

Lakini kisa kilichonikaa, ambacho leo siwezi kukimeza wala kukitema, ni kile cha wageni wa langoni. Hicho alinipa mimi peke yangu, juu ya ukuta, siku niliyokuwa na homa na nikamwambia kuwa nakwenda hospitali. Asubuhi ya kwanza kabisa kambini, alisema, makuruta wakiwa wamepangwa uwanjani na hawajajua hata kusimama, alitokea mkufunzi mmoja ambaye hakupiga kelele. Wengine wote walikuwa wakiwafokea tangu walipoteremka kwenye malori. Huyu alipita mbele yao polepole, akawauliza jinsi mzazi anavyouliza: nani anaumwa? Asione haya, aseme, daktari yupo na dawa ipo, hakuna atakayelaumiwa. Wachache wakatoka hatua moja mbele. Akawashukuru. Kisha wakaamriwa wavue sare, wavae nguo walizotoka nazo kwao, wabebe masanduku yao na kwenda kuyakalia langoni, wangoje basi la kuwarudisha nyumbani. Walikaa juani kutwa wakiwatazama wenzao wakikimbia mchakamchaka. Basi halikuja, kwa sababu halikuwahi kuagizwa. Jioni wakarudishwa ndani bila neno, na tangu siku hiyo mpaka mafunzo yalipokwisha hawakuitwa kwa majina wala kwa namba. Waliitwa wageni. Mgeni, leta maji. Mgeni, unarudi lini kwenu? Mchezo huo ulichezwa mara moja tu kwa kila kundi jipya, kwa kuwa haukuhitajika mara ya pili. Mkufunzi mpole angeweza kurudi keshoye na swali lile lile, mbele ya watu ambao miguu yao inaoza ndani ya mabuti, na safu isitikisike.

Nikamuuliza yeye siku hiyo alikuwa wapi. Akasema alikuwa langoni. Alikuwa na malaria ya kweli, iliyomtetemesha mpaka sanduku likawa linagonga saruji chini yake, na kila lilipogonga wenzake waliokuwa wakikimbia waligeuza shingo. Alilisema hilo bila kujionea huruma, kama mtu anayekutajia shule aliyosoma. Miaka ikapita, akapanda cheo, akawa mkufunzi, na wenzake wakamchagua yeye awe ndiye mkufunzi mpole, kwa vile alikuwa na sauti. Wallahi alikuwa nayo. Ilikuwa ya chini, yenye huruma, na ukiisikia unataka kumweleza yako yote. Aliitumia mara moja kwa kila kundi, asubuhi ya kwanza, kisha akawa mkali kama wengine.

"Na wale waliokuwa wanaumwa kweli, Afande?" nikamuuliza.

"Hao ndio walioelewa somo haraka zaidi, Mwandishi."

Nilimfokea, na homa yangu hiyo hiyo. Nilimwambia kuwa hakuwafundisha uvumilivu, aliwafundisha kuwa mtu anayekuuliza hali yako anakuwinda. Akanijibu kuwa vitani hakuna anayekuuliza hali, na mtu aliyezoea kuulizwa hufa mapema. Nikamwambia kuwa hapa si vitani, hapa ni Likoni, na adui tuliye naye ni mfereji usiotoa maji. Akacheka. Halafu akaweka mikono yake miwili juu ya ukuta, akaniinamia, akasema kwa sauti ile ile, "Pole sana. Nenda, utapona." Na mimi, niliyekwisha kuambiwa sauti ile ilikuwa ya kazi gani, nilisimama pale nisijue kama nimeombewa heri au nimechezewa. Mpaka leo sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Ukufunzi hakuuacha. Vijana wa huku wanaotaka kuandikwa jeshini ni wengi kuliko nafasi, na kila msimu wa uandikishaji ulipokaribia walimjia. Ndiyo asili ya ile filimbi. Aliwakimbiza kwenye kiwanja cha shule, akawakagua meno na nyayo, akawafundisha kusimama, na hakupokea kwao hata kikombe cha chai. Asubuhi ya kwanza aliwachezea nusu ya mchezo wake, kwa kuwa hakuwa na lango wala basi: aliwauliza kwa upole nani amechoka, aje akae kivulini. Kijana mmoja wa hapa hapa mtaani, wa nyumba ya wenye maduka, akatoka kwenye safu akisema, "Mimi, Afande. Wallahi nimechoka, na kiu yaniua." Wenzake wakaangua kicheko. Afande akamwacha akae kivulini mpaka wengine walipomaliza, kisha akamwambia asirudi tena. Hakurudi. Sasa ana tuktuk yake pale kivukoni, na Afande alipenda kumtaja kuwa mfano wa kijana aliyeharibika kwa kudekezwa. Mimi nilishikilia kuwa katika kundi lile zima yeye ndiye aliyekuwa na akili zake. Wengi wa waliobaki hawakuchukuliwa. Walirudi kutoka uwanja wa uandikishaji wakiwa na namba za wino mikononi, wakakaa vijiweni migongo imenyooka, wakingoja mwaka mwingine, mpaka umri ukawapita.

Nimekuwa nikilifikiria lango lile tangu juzi, na naona kwamba wengi wetu tumelipitia bila kuvaa mabuti. Tulilipitia darasani, mwalimu alipouliza nani hajaelewa, na aliyenyoosha mkono akachekwa mpaka akaushusha na asiuinue tena maishani. Binamu yangu anafanya kazi katika kiwanda kimoja huko Changamwe. Siku moja mkubwa wao aliwajia na kreti za soda, akaketi nao chini, akavua koti, akawaomba waseme kinachowasumbua, maana wao ni ndugu. Wawili walisema habari za vumbi. Mwezi uliofuata wale wawili hawakupangiwa zamu hata moja. Alipokuja tena na soda zake, soda zilinyweka, na hakuna aliyekuwa na la kusema, na mkubwa yule akaondoka ameridhika kwamba mambo ni shwari. Binamu yangu anakohoa. Nikimuuliza anasema ni baridi ya asubuhi, na Changamwe hakuna baridi. Kila mtu anajua kwa nini hasemi, na huyo mkubwa anajua zaidi ya wote, na bado kila mwaka tunashangaa kwamba watu wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Silitupii jeshi lawama zote. Sijui askari hufundishwaje kufa, na pengine kuna mambo ambayo hayafundishwi kwa upole. Ninachokijua ni kwamba bunduki hurudishwa ghalani mtu anapostaafu, na sare hurudishwa, lakini somo la asubuhi ya kwanza hakuna anayelipokea. Mtu huingizwa jeshini kwa mafunzo ya miezi mingi. Sijasikia kwamba yako mafunzo ya kumtoa. Afande aliishi Shika Adabu miaka hii yote, akala pilau zetu, akatuzikia wazee wetu, akajifunza hata kusema inshallah mahali pake, na moyoni alikuwa bado amekalia sanduku.

Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Mkewe ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu alianza kuvaa viatu bila kufunga kamba, yeye ambaye kamba zake hazikuwahi kulegea. Halafu akawa hawezi kulala chali, analala ameketi. Filimbi ikanyamaza. Nikamuuliza juu ya ukuta kama anaumwa, akasema haumwi. Nikamuuliza tena kwa ukali, akasema Mwandishi ana maswali mengi. Mwishowe mkewe akamchezea mchezo wake mwenyewe: alijidai kuwa yeye ndiye mgonjwa, kichwa kinampasuka, na anaomba mume amsindikize zahanati. Hilo Afande hakuweza kulikataa. Walipofika, mama akachukua kadi kwa jina la mumewe. Afande akaisikia, akamtazama mkewe kitambo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzozana mbele ya watu, akakaa kwenye benchi.

Haya yaliyofuata nimeyapata kwa mkewe, baada ya wafariji wengine kuondoka. Zahanati ilikuwa imejaa, watoto wanalia, watu wengine wamekaa chini. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye utu wake, na kwa vile foleni ilikuwa ndefu, alitoka mara kwa mara, akasimama mbele ya mabenchi na kuuliza kwa sauti ya upole: jamani, nani amezidiwa? Asione haya, asogee mbele nimtangulize. Mama akaweka mkono kwenye goti la mumewe. Goti likakazana. Binti akauliza tena. Mama akainuka nusu ili aseme, na Afande akamshika mkono, akamrudisha chini.

"Alimtazama yule binti, dada," mkewe akaniambia, "akatabasamu kama mtu aliyemtambua anayemjua. Kisha akaniambia polepole, 'Usisogee.'"

Akanyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya mapaja, akatazama mbele. Mama naye akakaa. Asiniandikie mtu kumlaumu: ameishi na amri za mtu yule ujana wake wote, na hata mimi niliye na mdomo sikuwahi kumshinda. Muuguzi alitoka tena, akawatazama waliojikunja, waliojilaza, waliojishika matumbo, akamchukua mzee mmoja aliyekuwa anaugulia kwa sauti. Macho yake yalimpita Afande. Katika chumba kile hakuna aliyekaa wima kumshinda, na mtu aliyekaa wima vile nani atamdhania. Lilipoitwa jina lake hakuitika, yeye ambaye hakuwahi kuitwa mara mbili, na hapo ndipo mkewe alipojua. Hakuna anayeweza kusema alikuwa amekata roho kwa muda gani.

Jamaa zake waliamua azikwe kwao bara. Kabla mwili haujasafirishwa palifanyika maombi uwanjani pake, turubai na viti vya kukodi, na sisi majirani wa Kiislamu tukasimamia vyungu kama alivyosimama nasi kwenye misiba yetu. Vijana wake walikuja wote, wengine wamekwisha kuwa na watoto, wakajipanga nyuma bila kuambiwa. Mchungaji alikuwa mtu mpole sana. Alipomaliza kusoma alifunga kitabu, akawatazama wale vijana, akauliza kama kuna yeyote kati yao mwenye neno juu ya mzee wao, lolote lililo moyoni, ajitokeze asiogope. Tukangoja. Akawauliza tena, kwa upole zaidi. Niliona machozi yakimtiririka mmoja wao mpaka kidevuni na mikono yake haikutoka ubavuni kuyafuta. Safu haikutikisika. Ambaye angesema neno ni yule wa tuktuk, na yeye alikuwa kivukoni kazini, maana aliambiwa asirudi. Mke wa Afande, aliyekuwa amekaa kando yangu, aliwatazama kwa muda mrefu.

"Wamefuzu," akasema.

Ukurasa huu huishia na funzo, na la leo halina faraja. Swali la upole likitumiwa mara moja kuwa mtego, haliwi tena swali. Aliyenaswa nalo hawezi kulisikia vingine hata likiulizwa na malaika, na aliyelitega hawezi kulirudisha lilivyokuwa, hata siku anapolihitaji yeye mwenyewe. Ningependa kuwaambia tusiwaulize watu hali kwa makundi, tumwendee mmoja mmoja, tumshike bega. Wakubwa wa kazi, walimu, wazazi, ningependa waambiwe hivyo. Lakini Afande nilimwendea mmoja mmoja, na mkewe alimshika goti, na haikusaidia kitu.

Gari lililobeba mwili liliondoka siku ya pili kupitia Dongo Kundu kwenda kushika njia kuu Miritini. Mkewe alikaa mbele, karibu na dereva. Nilipomwendea dirishani kumuaga niliona mikono yake inatetemeka mapajani, mpaka kifungo cha mkoba wake kikawa kinagonga mlango wa gari. Nikatumia sauti ya upole kuliko zote nilizo nazo, nikamuuliza, "Dada, unaumwa?"

Akanyoosha mgongo, akatazama mbele.

"Siumwi," akasema.